Bunduki Fupi ya Delphia

Opal Trivette hakuwasalimia. Aliwatazama wakiingia dukani kwake, dada mbele, kaka nyuma, kisha akarudisha macho kwenye tangi la visamaki vya chambo alilokuwa akilisafisha.

"Tunataka bunduki," Garland akasema.

"Kila anayeingia hapa anataka bunduki. Au chambo."

Delphia Stamper alikuwa amejiandaa. Kila akitoka kupika jikoni mwa shule, mikono ikinuka sabuni ya masufuria, alikaa mezani kwake akasoma, akapiga simu, akauliza wanaojua. Alitaka bunduki fupi, nyepesi, isiyopiga bega teke, inayokula risasi za bastola kwa sababu hizo haziadimiki madukani. Alitaka na tochi ya kufunga mbele, maana bonde lao halina taa, mkanda wa begani, magazini ya akiba, na risasi za kutosha kufanyia mazoezi. Basi. Hela ya ndama aliyemuuza isingetosha zaidi ya hapo.

Royce, aliyekuwa mume wake, alikuwa anatoka jela ya kaunti kesho asubuhi. Alikwishatuma salamu kwamba anakuja kuchukua vyake. Mara ya mwisho alipokuja kuchukua vyake, Delphia alilazwa hospitali, taya limefungwa waya. Na sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, hata akitaka sana, kufika bondeni kunamchukua karibu saa nzima.

Gari la Delphia lilikuwa limekufa. Ndiyo maana Garland alikuwapo.

Opal alimsikiliza mpaka mwisho. Akashusha bunduki moja ukutani, akafungua chemba ya risasi, akachungulia, akaingiza kidole kuhakikisha, ndipo akampa, mtutu ukitazama dari. Delphia naye akachungulia chemba, ingawa alikuwa ameona mwenzake akichungulia. Uso wa Opal ulilegea kidogo.

Kitako cha bunduki kilimkaa Delphia begani kama kilichochongwa kwa ajili yake. Alijaribu kuishika kwa mkono mmoja, ule mwingine ukiwa kama unafungua mlango. Aliweza.

"Hiki nini?" Garland akauliza. "Cha kuulia panya? Royce ni dume la ng'ombe, dada. Chukua ile." Alinyooshea kidole bunduki ndefu nyeusi, yenye darubini kubwa na miguu miwili ya kusimamia.

"Ile ni ya kumpiga paa ng'ambo ya mlima," Opal akasema. "Ukumbi wa nyumba yake una urefu gani?"

"Sijakuuliza wewe."

"Na duka ni la nani?"

Garland akapitisha mkono juu ya kaunta, akaishusha ile ndefu mwenyewe. Akaizungusha, mtutu ukapita kifuani kwa Opal, ukapita kwa Delphia, akavuta kifyatulio. Tak.

Mzee aliyekuwa akinywa kahawa pembeni aliweka kikombe chini, akatoka nje. Katika kaunti ile mtu anaweza kukutukania mama yako, na Jumapili mkakaa benchi moja kanisani. Lakini kufyatua bunduki ya mwenzio bila kuomba, tena ikitazama watu, hilo halina pa kuliweka.

"Iweke chini," Opal akasema.

"Haina kitu."

"Hata iliyomuua binamu yangu haikuwa na kitu. Iweke."

Akaiweka, masikio mekundu.

"Garland, kanisubiri kwenye gari," Delphia akasema.

"Nani atakuchagulia? Wewe unajua masufuria." Akamgeukia Opal, sauti imeshuka, kama mtu anayeleta amani. "Sikiliza, mama. Mpe hicho kidogo anachokitaka. Ila andika jina langu. Yeye na Royce wamepelekana mahakamani mpaka makarani wanawajua. Ukipiga simu serikalini kuuliza kama jina lake ni safi, litakwama. Mimi nachukua, yeye analipa, tumemaliza."

Opal alinyoosha mikono, akaitoa bunduki fupi mikononi mwa Delphia, akairudisha ukutani.

"Tokeni."

"Kwani nimesema nini?"

"Umesema bunduki ni yake na jina ni lako. Kwa sheria hilo ni kosa: mimi nafungwa, na wewe na yeye mnafungwa. Nani ananihakikishia kwamba si huyo Royce aliyewatuma?"

Delphia alihisi taya likimuuma pale pale palipovunjika. "Hela ni yangu. Jina nitaandika langu. Yeye kasema kwa kinywa chake, si changu."

"Najua."

"Anatoka kesho."

"Nimesikia hilo pia, mama. Ila siwezi kusema sikusikia lile jingine. Hapa kwangu hupati, wala leo wala kesho."

Nje, Garland alianza kucheka kicheko cha aibu. "Mwanamke kichaa. Mimi nilikuwa nakusaidia."

"Najua ulikuwa unanisaidia. Nipe funguo."

"Za gari langu?"

"Nipe funguo, Garland, au nikae hapa nipige kelele mpaka Opal atoke. Na yeye zake zina risasi."

Garland alimtupia funguo kifuani. "Nenda. Utalaghaiwa na wauzaji kama mtoto."

Delphia alimwacha amesimama nje ya duka, kando ya sanduku la barafu, akaendesha kushuka bondeni na kupanda tena, mpaka mji wa pili. Mwenye duka la huko alimletea kwanza bunduki ya rangi ya waridi. Delphia akamwambia aiache ukutani, akataja anachokitaka kimoja baada ya kingine. Yule bwana akaacha kutabasamu. Akapiga simu, akataja jina la Delphia, akasubiri. Delphia alisimama ameushika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Sawa," yule bwana akasema. "Ni yako."

Jioni ilikuwa haijaingia aliporudi kumchukua kaka yake. Garland akaja upande wa usukani, akangoja ashuke. Delphia hakushuka. Garland akazunguka, akapanda upande wa pili, akaubamiza mlango. Sanduku jipya lilikuwa nyuma ya kiti, limefungwa. Hakuligusa.

Delphia aliendesha mpaka njia panda ya bondeni.

"Kesho nitakuja mapema," Garland akasema. "Nitakaa barazani. Nitamwona akiingia."

"Usije."

"Mimi ni kaka yako, Delphia."

"Ndiyo maana nakwambia usije. Gari lolote litakaloingia uani kwangu kesho, nitalihesabu la Royce."