Kabureta ya Muhidini

Kila asubuhi chai ikishanyweka, Muhidini alikwenda kuwasha gari, na Mwanahalima alimfuata nyuma, kwa sababu mumewe alikuwa amebakia humo tu.

Nje ya gari mzee alikwisha kupotea. Aliitafuta kofia iliyokuwa kichwani mwake. Alimwamkia mwanawe wa kumzaa kwa shikamoo. Mkewe, aliyezeeka naye, alimwita "mama" kwa adabu, kama msafiri anayeomba maji kwenye nyumba ya watu. Lakini akiketi nyuma ya usukani wa ile Landrova kuukuu, aliyoinunua ujanani kutoka shamba la minazi na kupakia nazi na abiria kati ya Baleni na Kilindoni mpaka nywele zikawa nyeupe, mikono yake ilianza kujua kazi, na yeye mwenyewe akaifuata mikono.

Alivuta choki, kile kifundo cheusi chini ya dashibodi, nusu tu. Alikanyaga mafuta mara mbili, akaachia. Alipiga stata. Injini ikakohoa, ikakataa. Hapo hakuwa na haraka. Aliinamisha kichwa kama anayesikiliza mgonjwa akipumua, akakirudisha kifundo kidogo kwa kidole, akasema, "Bado. Bado kidogo." Akapiga tena. Injini ikashika, gari zima likatikisika, na Muhidini akageukia kushoto alikokaa mkewe.

"Mwanahalima, mlango umeufunga vizuri?"

"Nimeufunga."

Basi hapo walikuwa mtu na mkewe. Injini ikinguruma, waliongea. Aliuliza kama Luqmani amepiga simu kutoka Dar es Salaam. Alilalamikia mashimo ya barabara. Siku moja alimwambia kuwa kanga ile ya manjano ilimpendeza, na kweli alikuwa ameivaa. Gari halikuondoka popote, maana Luqmani alikwisha kufungua propela, ule mhimili unaozungusha magurudumu, ili baba yake asije akaingia barabarani, lakini Muhidini hilo halikumsumbua. Akiona imetosha alisema wamefika, akazima, na kabla mguu haujagusa mchanga alikuwa amekwisha kusahau ni nani aliyekuja naye.

Jirani yao Othmani, dereva wa bodaboda, alijua mambo hayo ingawa hakuna aliyemweleza. Akipita asubuhi alisimamisha pikipiki na kumuuliza mzee kama leo kuna nafasi mbele. Muhidini alimjibu kuwa nafasi ipo juu ya nazi, tena akae vizuri asizipasue kwa uzito wa maneno yake. Othmani alicheka kila siku kana kwamba ni mara ya kwanza. Na mara nyingi, akishaondoka, Mwanahalima aliikuta chupa ya petroli imeegeshwa penye gurudumu. Hakuwahi kuitaja, naye Othmani hakuwahi kuulizwa.

Tabu ilianzia kwenye kabureta, kile kifaa cha kuchanganyia petroli na hewa. Ilikuwa imelika kwa uzee, petroli ikawa inachuruzika pembeni na kudondokea karibu na bomba la moshi lililochemka. Siku moja moshi mweusi ulitoka chini ya boneti wakiwa wote wawili ndani. Othmani aliruka kutoka kwenye pikipiki na kuuzima moto kwa mchanga, akawateremsha mmoja mmoja kama watoto, kisha akampigia Luqmani simu.

Luqmani alikuwa fundi wa magari huko mjini. Alishuka kwenye boti ya Nyamisati, inayovusha watu kuja kisiwani, na masanduku mawili na uso uliokosa usingizi. Alikuwa amekwisha kujaribu kabureta nyingine, zile mpya zilizojaa madukani, zikavuja kuliko hii ya zamani. Akamweleza mama yake kwamba dawa ni kuiondoa kabisa na kuifungia injini ile mfumo wa magari ya siku hizi: pampu ya umeme ndani ya tangi, nozeli za kunyunyiza petroli kwa kipimo, vihisio vya kupima joto na hewa, na kontrol boksi ya kuvipa vyote hivyo amri. Petroli haitadondoka tena. Tena itawaka mara moja tu, baba asihangaike.

Mwanahalima alimsikiliza na kumtazama mikono. Alimwona akilala chali mchangani jua likimchoma, akitoboa, akichomelea, akizungushia kila waya utepe ili chumvi ya hewa ya bahari isiule. Mtoto huyu alikuwa ameacha kazi na familia yake akaja kumlinda baba ambaye hatamtambua. Alimpikia wali wa nazi na samaki changu, akamwombea dua. Hata Luqmani alipokitoa kile kifundo cheusi na kuliziba tundu lake kwa mpira safi, akisema choki haina kazi tena, mama aliona unadhifu wa kazi, hakuona kingine.

Asubuhi ya kwanza Muhidini alipanda, akaketi, akapeleka mkono chini ya dashibodi. Mkono ukapapasa. Ukapanda, ukashuka, ukaugusa ule mpira, ukarudi. Luqmani, aliyesimama dirishani akitabasamu, akamwambia, "Baba, zungusha ufunguo tu."

Akauzungusha. Injini ikashika pale pale, laini, bila kukohoa, bila kutikisika. Muhidini akautoa mkono kama aliyeshika chungu cha moto. Akatazama usukani, akatazama kioo, akamtazama Mwanahalima.

"Gari la nani hili?" akauliza kwa sauti ya chini. "Mama, tushuke kabla wenyewe hawajatukuta."

Akashuka, akamzungukia, akamfungulia mlango amsaidie kutoroka.

Wala Luqmani hakukata tamaa mara moja. Alikirudisha kifundo mahali pake na kukifungia springi kwa nyuma ili kivutike kwa uzito ule ule. Muhidini akakivuta, akakanyaga mara mbili, akapiga stata, lakini injini ikawaka kabla hajainamisha kichwa, na lile neno lake likamfia mdomoni. Kesho yake Luqmani alijificha mbele, nyuma ya boneti, akaichomoa fyuzi ya pampu ili injini ikatae kwanza, kisha airudishe. Mzee akasikia mkwaruzo. Akasema kuna mtu kwenye injini, na haikuwezekana kumtuliza mpaka alipoingizwa ndani na kulazwa. Tangu hapo, chai ikishanyweka, alibaki amekaa mkekani.

Mwanahalima alimkuta mwanawe uani akinawa grisi na sabuni ya unga, akinawa mikono iliyokwisha kutakata zamani.

"Nirudishie ile kabureta," alimwambia.

"Mama, ile itawaunguza."

"Na ituunguze tukiwa tunajuana."

Luqmani akainama juu ya ndoo. Mama akachukua upande wa kanga yake akamfuta mikono, kidole kwa kidole, akamwambia kuwa hakuna aliyekosa, kwamba aliyoyafanya ni mema yote na yeye ameyaona yote. Aliyasema hayo kwa kuyaamini. Lakini hakuliondoa lile ombi.

Kurudisha nyuma kulikuwa kugumu kuliko kwenda mbele. Luqmani alikuwa amelikata bomba la hewa ili lipokee vifaa vipya, ikabidi lichomelewe upya Kilindoni. Gasketi za kuzibia maungio zilizokuja zilikuwa si zake, zikaagizwa nyingine. Alijitahidi kuibana kabureta, akatengeneza na sahani ya bati ya kukingia matone. Na muda wote huo Muhidini alikaa mkekani akielekea ukutani. Othmani aliendelea kusimama asubuhi na kuuliza kwa sauti kama kuna nafasi mbele. Siku za mwanzo mzee alinyanyua kichwa. Baadaye hakunyanyua, na Othmani akawa anauliza hivyo hivyo, kisha anawasha pikipiki yake taratibu na kwenda zake. Mwanahalima alisikia kila kitu kutoka jikoni. Alijua kuna mlango unajifunga, na kwamba wao huku nje bado wanahangaika na bawaba.

Kazi ilipokwisha, Luqmani aliijaribu mwenyewe kwanza. Injini ilikohoa, ikakataa, ikashika, ikatikisa gari kama zamani. Mwanahalima alijiruhusu kutumaini. Alimwogesha mumewe, akamvisha shati la kazi, na mwenyewe akajifunga ile kanga ya manjano. Othmani alisimama pembeni na ndoo ya mchanga.

Ilibidi Muhidini ashikwe mkono hadi garini, na mguu wake unyanyuliwe na kuwekwa ndani. Aliketi vizuri nyuma ya usukani. Mikono akaiweka mapajani, akatulia, akatazama minazi.

Walimngoja. Kuku alipita chini ya gari akatokea upande wa pili.

"Muhidini," Mwanahalima akasema, "tutachelewa Kilindoni."

Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu mpole anavyokubaliana na mgeni. Mikono haikuondoka mapajani. Ndipo Mwanahalima akauchukua mmoja, uliokuwa mkavu na mwepesi, akaupeleka chini ya dashibodi na kuvikunja vidole vyake juu ya kifundo, akavuta naye. Nusu tu. Akamgonga goti kidogo, mguu ukakanyaga mara moja. Akamgonga tena, ukakanyaga. Akauzungusha ufunguo kwa mkono wake mwenyewe. Injini ikakohoa, ikakataa. Akangoja mumewe aseme. Alingoja muda ambao kwa wale waliosimama nje ulikuwa mrefu mno, na mwishowe yeye ndiye aliyesema, "Bado. Bado kidogo," karibu kabisa na sikio lake, akazungusha tena.

Ikashika. Gari likatikisika, harufu ya petroli ikajaa ndani, vioo vikalia kwenye fremu zake. Muhidini akageukia kushoto. Akamtazama usoni, kwa muda, kwa macho yale yale, na Mwanahalima akaacha kuvuta pumzi ili asimkatishe.

"Jua linakupiga, mama," Muhidini akasema. "Sogea huku kwenye kivuli."

Akajibana mlangoni ili ampe nafasi, akakipangusa kiti kwa kiganja kabla hajakaa. Dirishani Luqmani alikuwa akimuuliza mama yake kwa macho. Mwanahalima akasogea pale alipoonyeshwa na mumewe, akamshukuru mzee.