Tano Maana Yake Mwisho

Jumamosi, tarehe 9 Machi. Asubuhi kulikuwa na mawingu mazito, upepo hakuna, na joto la kunata tangu alfajiri. Nilipiga magoti kando ya kitanda cha mama mkwe, nikamwomba Mungu mambo mawili tu: mvua isubiri, na halmashauri ya jiji ituchimbie mtaro mwaka huu.

Mama mkwe hatembei. Msimu uliopita maji yalipoingia ndani, mimi na shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, tulimpandisha juu ya meza yangu ya kukatia nguo. Alikaa huko siku mbili, akitutania kwamba sasa yeye ni kitambaa, tusije tukamkata. Tulicheka naye, lakini maji yalibakisha shibiri moja tu kumfikia.

Kwa hiyo halmashauri ilipoleta fomu za kuwauliza wakazi vipaumbele vyao, nilizipokea kwa mikono miwili. Mambo yalikuwa matano: mtaro, taa za barabarani, soko, bustani ya kupumzikia na maegesho ya magari. Kila moja lipewe namba, kuanzia moja hadi tano. Mimi nimejua kusoma nikiwa na miaka arobaini na tisa, kwenye darasa la jioni, na majirani wengi bado hawajui. Nikapita na kalamu yangu nyumba thelathini na nne. Unalolitaka zaidi ni lipi? Mtaro. Naandika tano. Na usilolitaka kabisa? Maegesho. Naandika moja.

Leo saa nne tulikusanyika kwenye ukumbi wa shule kusikiliza matokeo. Ofisa mipango wa jiji, binti mwenye miwani na sauti ya upole, alibandika orodha ya mtaa wetu ubaoni, akaisoma. Cha kwanza, maegesho ya magari. Cha mwisho, mtaro.

Ukumbi ukalipuka.

"Maegesho?" fundi viatu aliuliza. "Tuna magari gani sisi? Mikokoteni?"

Shemeji akaniinamia sikioni. "Wametuchezea, shemeji. Nilijua tu."

"Hakuna aliyewachezea, ndugu zangu," alisema ofisa, akainua fomu moja. "Hapa mtaro umepewa tano. Yaani ni wa tano, wa mwisho. Namba moja ndiyo ya kwanza. Imeandikwa hapa chini."

Tano ile ilikuwa yangu, naujua mkia wake. Mwalimu wetu wa jioni hutoa alama tano; ukipata tano kwa tano unarudi nyumbani unaimba. Haikunijia kabisa kwamba mahali pengine tano maana yake mwisho. Na yale maandishi madogo ya chini niliyaruka, kwa sababu yalinichosha macho.

Shemeji aliuona uso wangu, akaelewa. "Nyamaza," akanong'ona. "Acha waonekane wamekosea wao."

Ningeweza kunyamaza. Nilifumba macho nikasema moyoni, Bwana, nipe sauti. Nikasimama.

"Binti yangu, kosa si lako, ni langu. Fomu hizo nimeziandika mimi, na nimetoa alama kama za mtihani. Mtaro nimeupa tano kwa sababu ndio tunaoutaka kuliko vyote."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Mama Cherehani, leo umetushona nje ndani!" Watu wakaangua kicheko, na mimi pia.

Diwani wetu alikohoa. "Mama, nakupongeza kwa kusema kweli. Lakini hesabu imeshafanyika. Tungojeni mpango ujao. Miaka mitano si mingi."

"Mheshimiwa, mama mkwe wangu ana miaka themanini na moja. Kwake ni mingi. Wenye fomu wako hapa, waulizeni wenyewe."

Ofisa akamgeukia diwani. Akasema kanuni inamruhusu mkazi kusahihisha fomu yake mwenyewe kabla orodha haijasainiwa, na hii haijasainiwa. Diwani akaguna, akaketi. Binti akachukua rundo la fomu, akaanza kuita nyumba moja moja.

"Nyumba namba kumi na mbili?"

"Mtaro!"

"Kumi na tatu?"

"Mtaro," alisema fundi viatu. "Hayo maegesho wapeleke kwa wenye magari."

Bibi muuza mkaa peke yake alisema anataka taa, na ofisa akaandika taa. Kila mmoja alikwenda mezani akaweka saini au dole gumba. Ilipofika zamu yangu niliandika jina langu lote, polepole, herufi zikiwa zimenyooka. Saa mbili zilipita hivyo. Jumla mpya ilipoandikwa ubaoni, mtaro ulikuwa juu kabisa.

Ofisa akampa diwani kalamu.

"Mheshimiwa, kabla hujasaini," nikasema, "tuambie kwa mdomo wako, tusikie wote."

"Mama, hujatosheka tu?"

"Bado."

Akacheka, akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Haya. Mbele yenu nyote na mbele ya Mungu, naahidi: Jumanne naingia na orodha hii kwenye baraza la jiji, mtaro ukiwa wa kwanza, na sitatoka humo mpaka upitishwe uchimbwe mwaka huu."