Albamu Iliyowekwa Karantini

Baba alikuwa mpiga picha za pasipoti. Alituachia chumba kimoja kinachotazama barabara: ukuta wenye kitambaa cheupe, stuli ya kuzunguka, taa zenye miavuli, printa, kikatio cha karatasi ambacho mpini wake umelika kwa kiganja chake, na kompyuta. Siku hizi ninakaa mimi pale. Kuna wateja ambao bado wanachungulia mlangoni na kuuliza, "Mzee yuko wapi?" Nawaambia alitutoka, wananipa pole, kisha nawaomba wanyooshe shingo na watazame kamera.

Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na albamu. Zamani baba aliwatengenezea maharusi albamu za kubofya. Unabofya mara moja, picha zinapita zenyewe, muziki unalia chinichini na yeye anasimulia. Moja alimtengenezea mama. Ilikuwa na picha zao za ujana, na sauti yake ikisema, "Mke wangu, hii ni yako. Usije ukasema sikukupa kitu." Baada ya mazishi mama akawa anakuja studio mchana, wateja wakipungua. Anavua viatu, anapanda stuli, ananiambia, "Hebu niwekee mzee wako."

Sauti nyingine ya baba hatuna. Simu yake ilipotelea hospitali.

Kilichotuponza ni flashi za wateja. Kila mtu huja na yake, imeshapita kwenye mashine za nusu ya mji. Nilizikagua kama baba alivyonifundisha, lakini ile programu ya kukagua ilikuwa imezeeka pamoja na kompyuta yenyewe, na virusi vya siku hizi vilipita mbele yake kama havionekani. Mashine ikaanza kukokota. Folda zikapotea, madirisha yakawa yanajifungua yenyewe. Siku niliyobofya albamu ikakataa kabisa, nilimpigia Fundi Pole.

Sijui walimwita hivyo kwa upole wake, kwa mwendo wake, au kwa sababu kila akifunua kompyuta ya mtu neno la kwanza ni "pole". Alikuja na kompyuta yake ya mkononi kwenye mkoba, akatazama ya kwetu.

"Pole, dada."

"Hujagusa kitu, unanipa pole?"

"Nimeisikia feni. Inahema."

Akaweka programu mpya ya kuua virusi, ikaanza kupekua. Mama aliingia wakati inamalizia. Alimsalimu fundi, akavua viatu, akapanda stuli yake.

"Hebu niwekee mzee wako."

Sikuwa nimemwambia. Kabla sijamjibu, fundi, ambaye hakujua lolote, alijibu kwa niaba yangu.

"Ile albamu, mama? Ina virusi. Imewekwa karantini."

Mama alishuka kwenye stuli.

Kwa wengine hilo ni neno tu. Baba alipougua walimlaza kwenye chumba cha peke yake, sisi tukisimama nje ya dirisha la kioo. Alikuwa akiinua mkono. Midomo ilikuwa ikicheza chini ya barakoa ya hewa, wala hatukusikia kitu. Mama alikuwa akiweka kiganja kwenye kioo, na muuguzi akimwambia, "Mama, yuko karantini, haruhusiwi mtu." Tulipokuja kuruhusiwa, alikuwa ameshafungwa kwenye mfuko.

"Karantini gani tena?" mama aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo. "Naweza kumwona?"

Fundi alinitazama, akanisoma usoni, na sitasahau kwamba hakucheka. Alivuta kiti, akamkalisha mama mbele ya kompyuta, akamwonyesha jina la albamu kwenye orodha.

"Huyu hapa. Kumwona unaweza. Kumfungulia ndiyo siwezi. Nikimtoa, virusi vinatoka naye, vinakula kila kitu humu, na picha za wateja."

"Ataponaje?"

"Nimeijaribu dawa, imekataa. Inataka kuifuta albamu yote. Na kusema kweli, mama, nyumba yenyewe hii milango imeoza. Nataka nisafishe yote niweke mfumo mwingine, Linux."

"Huo hauugui?"

"Hakuna usiougua. Ila huu mgeni haingii jikoni bila kugonga. Akitaka kugusa kitu, unaulizwa kwanza wewe mwenye nyumba."

"Na albamu?"

Alikuna kidevu. "Kule haifunguki. Ilitengenezwa kwa mfumo huu wa zamani."

"Basi acheni," mama akasema. "Ibaki hivihivi na ugonjwa wake."

"Mama, kazi nitafanyaje?" nikamwuliza.

"Tafuta kompyuta nyingine. Hii nipelekee nyumbani. Yule nilimwacha kule peke yake mara moja. Simwachi mara ya pili."

Fundi alitazama skrini kitambo, halafu akafungua mkoba wake.

"Mama, albamu hii ni kama sanduku. Picha na sauti zimo ndani, na virusi vimekalia kifuniko. Kompyuta yangu mimi inatumia Linux, virusi hivi havina miguu ya kutembea huko. Naweza kulivunja sanduku kwa nyuma bila kugusa kifuniko. Lakini siahidi. Huenda vimeshakula na vya ndani."

"Vunja," alisema mama.

Alifanya kazi polepole kama jina lake. Picha zikaanza kutoka. Nyingine zilikuwa nzima. Nyingi zilikuwa nyuso tu, na kuanzia kifuani kushuka chini ni kijivu kitupu, wazazi wangu wakitabasamu kama watu waliosimama kwenye majivu. Mama alizitazama moja moja.

Sauti ilitoka mwisho. Fundi alisema ni ndefu kuliko ilivyokuwa ikisikika, kwamba baba aliiambia albamu ianzie katikati, mwanzo akauficha. Akaiweka.

Kwanza stuli ililia, stuli hiihii, siku hizo ilipokuwa bado nyumbani. Baba akakohoa. Halafu kwa mbali, sufuria zikigongana, tukamsikia mama, mama wa zamani mwenye sauti kali:

"Unaongea na nani humo?"

"Naongea na wewe."

"Na mimi? Mimi si niko huku jikoni!"

Baba akacheka. Nilikuwa nimesahau alivyocheka, ile pumzi ya kwanza kabla ya kicheko. "Basi kaa hukohuko, utasikia baadaye."

Akasafisha koo. "Mke wangu, hii ni yako. Usije ukasema…" Kikafuata kishindo kama mchanga unamwagwa, kisha kimya. Pale virusi vilikuwa vimeshakula.

"Pole, mama," alisema fundi.

Alinakili kilichopona mahali salama, akatuonyesha kwamba kipo, ndipo akauliza kuhusu ile iliyobaki karantini. Mama alinyoosha mkono akaweka kiganja kwenye skrini, juu ya jina la albamu. Kisha akauondoa.

"Futa," alisema.

Sasa studio inatumia Linux. Nilihangaika kuzoea kupanga picha za pasipoti upya, lakini flashi za watu zinaingia na kutoka na mashine haihemi. Mama bado anakuja mchana. Hataki picha, anataka sauti peke yake, na anataka ianzie kule mwanzo. Anafumba macho. Anajisikiliza akiuliza kutoka jikoni, anamsikia baba akicheka, akimwambia akae hukohuko.

"Nimekaa," anamjibu.

Kisha kishindo cha mchanga kinakuja, na kabla hakijafika mwisho ananipa ishara nizime. Anashuka kwenye stuli, anaifuta kwa kiganja kwa ajili ya mteja, anavaa viatu vyake.