Mlango wa Sampo

Kosa ni langu, na kulificha siwezi kwa sababu limesimama mbele ya nyumba: nilimpelekea fundi mlango wa zamani uwe sampo ya kupimia, akanitengenezea ule ule wa zamani, ila mpya.

Tangu mafuriko yapite hapa Kilosa, fremu ya mlango wa mbele ililala kidogo. Kila masika mbao zikivimba, mke wangu Editha ananiambia mlango umekwama, nami nachukua randa nachonga chini. Kiangazi mbao zinasinyaa, panabaki uwazi. Nimechonga hivyo mpaka kona ya chini ikawa inapitisha kifaranga.

Na nyoka. Mmoja tu, mdogo, alikutwa chini ya kabati la vyombo. Wakati huo Editha alikuwa anafunga mizigo kwenda Mikumi kulea mjukuu kwa binti yetu Upendo. Akaniaga kwa maneno mafupi: "Nitarudi mlango ukifunga." Mtoto sasa anakimbia. Editha bado yuko Mikumi.

Basi nikaung'oa mlango, nikaufunga juu ya gari, Noah, nikaupeleka kwa Maduhu, fundi wa huko huko Mikumi. Nikapita nao kwanza kwa Upendo. Editha akatoka, akaukagua mlango, halafu akanikagua mimi.

"Wenzio wanaleta mchele, Baba Upendo."

"Mchele upo nyumbani, wa Tindiga. Umekosa mpishi."

"Si ungepima tu kwa futi?"

"Sampo haikosei, mama."

Akacheka, mdomo kauziba kwa khanga. Nilitaka kumwambia panda gari twende. Nikauliza kama kuna chai.

Maduhu alifanya kazi safi, mninga mtupu. Nilivyourudisha, jirani yangu Hussein akanisaidia kuufunga bawaba. Tukausukuma, ukaenda bila kelele. Tukainama kuangalia chini. Kona ile ile, uwazi ule ule.

"Bwana shamba," Hussein akasema, "hata yule nyoka akirudi hatapotea njia."

"Nyamaza, nipe nyundo."

Safari hii nilipima fremu yenyewe, juu, katikati na chini, halafu kona kwa kona. Hakuna kilicholingana. Diploma yangu ni ya kilimo, lakini kupima shamba na kupima nafasi ya mlango ni kazi moja, na mimi nilikuwa nimepima jembe badala ya shamba. Tukailegeza fremu, tukainyoosha kwa timazi, tukaikaza kwa saruji. Saruji ilivyokauka tukagonga upapi, kibao chembamba cha mninga, chini ya mlango. Nikajifungia ndani. Hapakupita hata mwanga.

Hussein akaenda zake. Nikabaki nimekaa naangalia ile kona.

Editha alikuwa ananitambulia kwenye uwazi ule. Nikitoka kazini Kilangali, kabla sijapiga hodi, ameshaviona viatu vyangu. "Tope hilo zunguka nalo nyuma." Nikisema, Mama Upendo, nifungulie, yeye anauliza, nani? Mumeo. "Mbona viatu vya jirani?" Basi ananiacha nimesimama, namsikia anavyocheka ndani.

Nikampigia simu.

"Mlango umekaa," nikamwambia.

"Umekaa kabisa?"

"Hata mwanga haupiti."

Nyuma yake mjukuu alikuwa anadai uji.

"Sasa viatu vyako nitavionaje?"

Nikavitazama viatu vyangu.

"Utafungua, utaviona."

"Haya, Baba Upendo. Tutaongea."

Jioni nikatoka nje, nikaiacha nyumba tupu, nikauvuta mlango nyuma yangu. Ukaingia kwenye fremu kwa kishindo kizito, cha nyumba ambayo Editha hajawahi kuisikia. Nikaokota kijiti, nikakwangua tope kwenye viatu, mpaka kisiginoni. Nikasimama sawasawa mbele ya ile kona. Nikagonga.

"Mama Upendo," nikasema, "nifungulie."