Bega la Mpiga Plasta

Walikuwa wameshaipita kona ya kinyozi, wakienda kwenye bodi ya fidia, mke alipomsimamisha mumewe fundi, akamfunga kifungo cha juu kilichomshinda nyumbani. Kaka wa mke, ambaye ndiye msimamizi wa fundi kazini, akacheka.

"Shemeji, mkono huo umekuwa bwana mkubwa. Unavalishwa."

Fundi hakucheka. Yeye hupiga plasta za dari, na mkono wa kushoto ndio unaobeba ubao wa saruji. Tangu muuguzi alipomchoma sindano ya chanjo juu mno, karibu na mfupa, bega hilo lilikuwa likiwaka moto. Chanjo yenyewe hakuilaumu. Wanawe wote walichanjwa, wazima kama vigongo. Alichotaka ni fidia ya bega, na bodi ilitaka shahidi aliyeona maumivu yakianza siku zile zile.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Siku zile fundi hakumwambia mtu. Fundi anayelalamikia bega huitwa mzee, na anayeitwa mzee haitwi kazini. Alimeza vidonge, akapanda jukwaa akipiga mluzi. Ni shemeji huyo peke yake aliyemkuta nyuma ya rundo la mchanga, ameushika mkono, machozi yanamtoka. Akamwambia amalize dari kwanza, mengine baadaye.

Walipofika, mama wa bodi, mwenye miwani, akamwuliza shemeji aliona nini. Shemeji akaizungusha kofia mapajani. Akisema aliona, ataulizwa kwa nini alimpandisha juu mgonjwa.

"Sikuona kitu. Alikuwa anapiga mluzi."

Mke akamgeukia. "Kaka, sema kama ulivyoniambia mimi jikoni."

"Niliona mtu anafanya kazi, dada."

Mama akamwuliza fundi kama ni kweli alikuwa anapiga mluzi. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Chake kilikuwa kimechelewa.

"Ni kweli," akasema.

Dai lilikataliwa, na rufaa pia. Bega lilipona nusu. Fundi sasa hupaka rangi kuta mpaka kimo cha kifua, juu humalizia mwingine, na ujira wanagawana. Mke anafua nguo za watu. Yeye na kaka yake walisalimiana kwenye msiba wa mama yao, basi. Shemeji alipandishwa cheo, halafu kampuni ikafungwa, akahamia mbali. Muuguzi yupo pale pale, anachanja.