Ng'ombe wa Mwisho Chini ya Mchanga

Kila siku baada ya chakula cha mchana Nakijwa huosha mifupa. Ana beseni na mswaki uliochakaa, na kazi yake pale kwenye ghala la makumbusho ni kutenga ya pundamilia, ya mbuzi, ya ng'ombe, na kutafuta alama za visu vya mawe. Leo anainama na maji hayamrudishii uso wake. Anainama zaidi, usingizi unamvuta, na mara anatembea kwenye barabara nyeupe isiyo na mwisho, kandokando miji imening'inia kichwa chini ndani ya maji, na mbele yake anakwenda mtu asiye na uso. Ndugu, njia hii inakwenda wapi? Tumboni, anajibu yule. Na ikifika tumboni? Inageuka, inaanza tena kutafuta. Barabara inajikunja, inakuwa boma la miiba, na ndani yake amesimama ng'ombe mmoja mwenye mimba, mbavu zinahesabika. Mama wa watoto wawili, ambao hawana tena nguvu ya kulia, amemshika shingo. Amezoea kumtoboa mshipa kwa mshale, kukinga damu kidogo ya watoto kunywa, kuziba tundu kwa samadi, ng'ombe akaishi na watoto wakaishi. Leo damu haitoki. Wanaume walifuata swala mwezi uliopita, hawajarudi. Wewe unayesoma mifupa, anasema mama, tumchinje, au tungoje ndama? Tukimla huyu hatuna mwingine.

Nakijwa anajua. Juu ya mifupa ya boma hili, ile anayoiosha, kwenye tabaka za miaka iliyofuata, wachimbaji walikuta mchanga mtupu, hata jino la panya hakuna. Lakini anainamisha macho na kusema: Labda mvua itanyesha, mama. Mama mkwe wa yule mama, aliyejilaza langoni, anacheka kwa ufizi. Mgeni ana maneno laini huyu! Tuyachemshe basi, tunywe mchuzi. Mama hacheki. Mwanangu, sikukuuliza mvua.

Asiye na uso hayupo tena. Boma linayeyuka pembeni, na kutoka juu sauti ya Bwana Kisaka, mkuu wa ghala, inaita, Nakijwa, umelala? Mikononi ana kitu chenye joto, hajui kama ni ngozi ya ng'ombe au maji yaliyopigwa na jua. Hajui yuko upande upi, wala nani anamsikia. Anasema kwa sauti ambayo hajawahi kuitoa mbele ya watu: Mchinjeni, mama. Msingoje ndama. Baada yenu hakuna mtu. Watoto na wale leo, walale wameshiba.