Sega la Kabatini

Injini ya basi la shule ilikuwa imeunguruma dakika ishirini, na fundi alikuwa chini yake, kalalia boksi lililofunuliwa, oili chakavu ikimlowesha mgongo. Moshi haupimwi gari likiwa baridi. Siku mbili nzima alikuwa akiliandaa basi hilo kwa ukaguzi: kabadili oili na plagi, kaweka kichujio kipya cha hewa, kachomelea kila tundu la ekzosi ili hewa ya nje isije ikaidanganya mashine ya kupimia moshi. Sasa alielekeza kipimajoto kwenye kopo la chuma katikati ya ekzosi, lile linalobeba sega la kusafishia moshi. Mbele, nyuzi mia tatu. Nyuma, mia mbili themanini. Sega zima huwaka zaidi upande wa nyuma. Akaligonga kopo kwa nyundo ya mpira. Likalia kama debe tupu.

Akajiburuta nje, akatema mate. Yalikuwa meusi.

Mwenye shule alisimama kando, leso puani. Fundi alimwambia kwamba ndani hamna kitu, na aliyelitoa sega alikata na kuchomelea kwa utulivu, wala si mwizi. Yule bwana hakubisha. Alisema masega yana soko kwa madini yake, na basi linatembea bila hilo.

"Linatembea, mzee," fundi alisema. "Ila moshi unapandia sakafuni. Mke wangu ndiye anayekaa na watoto humo. Kila siku anarudi kichwa kinampasuka. Wale wadogo wanalala fofofo kabla hawajafika kwao, wengine wanamtapikia mapajani."

"Amelalamika kwako?" mwenye shule aliuliza taratibu. "Maana kwangu hajaleta neno."

Fundi alijua kilichokuwa kinaulizwa ni kibarua cha mkewe.

Hata hivyo, kwenye fomu aliandika alichokiona, akalipeleka basi lilivyo kwenye kituo cha ukaguzi. Mkaguzi, mtu wa kucha safi na sauti ya upole, aliisoma fomu mara mbili. Kisha akafungua kabati la chuma na kutoa kitu kilichoviringishwa kwenye gunia. Lilikuwa sega, zima kabisa. Akaeleza kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: unalifunga, tunapima, unalifungua, linarudi kabatini. Magari yote ya asubuhi ile yalikuwa yamefaulu kwa hilo hilo.

Fundi akakataa.

Wiki haikuisha. Maofisa wawili wa mazingira walifika kwenye gereji yake, wakabandika karatasi mlangoni: imefungwa kwa kuchafua hewa. Mkewe naye akaambiwa apumzike nyumbani mpaka mumewe atulie. Iliuzwa mashine ya kuchomelea, likauzwa kabati la vyombo, watoto wakazoea mlo mmoja. Mke alivumilia miezi miwili, halafu jioni moja, akiwa anafua, akasema bila kuinua kichwa:

"Baba watoto, kichwa nilishakizoea. Njaa siiwezi."

Fundi aliporudi kituoni kesho yake, mkaguzi hakumsimanga. Alimvutia hata kiti, akasema mikono kama ile kituo kilikuwa kinaihitaji siku nyingi. Mezani palikuwa na fomu ya basi la shule, imejazwa tayari kwamba limefaulu, imebaki sahihi tu. Fundi akasaini.

Siku hizi anafanya kazi nyuma ya kituo. Kufunga na kufungua kunamchukua dakika kumi na mbili. Sega halipati muda wa kupoa. Analitoa kwenye gari hili likiwa bado la moto, analibeba kwa koleo mpaka lile, na mikono yake imejaa mabaka ya kuungua toka viganjani hadi viwikoni. Hazungumzi na madereva.

Leo foleni imefika barabarani. Gari la nne ni jipya, jeupe, la idara ya mazingira, na ubavuni limeandikwa kwa rangi ya kijani: HEWA SAFI NI HAKI YAKO. Dereva wake ameshusha kioo nusu.

"Fundi, tuanzie sisi," anasema. "Bosi anawahi mkutano."

Fundi anatandika boksi lake chini ya gari, anaingia.